Njia ya Muuguzi Huanzia Wodini

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu za wauguzi huanza kuita. Mjomba anauliza kwa niaba ya binti yake, jirani anauliza kwa ajili ya kijana aliyepata D ya fizikia, na swali ni lile lile: aanzie wapi, na akishaanza atafika wapi? Makala haya ni jibu langu kwao. Ni jibu pia kwako wewe ambaye tayari umevaa sare, umeshika leseni, na bado hujajua uelekee upande gani. Nazungumzia Tanzania, kwa sababu ndiko ninakokujua.

Ushauri wangu mkubwa nautanguliza. Usiamue ukiwa nyumbani kwamba wewe utakuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji au mkunga au msimamizi. Ingia kwa mlango unaoumudu, pita kila wodi kwa moyo wote, halafu uamue. Wengi walioniambia wanapenda fani hii au ile kabla hawajaigusa walibadilika ndani ya mwaka, na waliobadilika si wavivu: walikuwa wamechagua kitu ambacho hawakijui.

Mlango wa kuingilia

Ngazi ni tatu. Astashahada huchukua miaka miwili, stashahada mitatu, shahada minne. Kwa stashahada ya uuguzi na ukunga, mwombaji wa kidato cha nne anatakiwa awe amefaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini, na kati ya hayo lazima ziwemo kemia, biolojia na fizikia. Ufaulu wa hisabati na Kiingereza humwongezea nafasi. Shahada inataka kidato cha sita cha sayansi, kemia na biolojia zikiwa msingi, au stashahada yenye ufaulu mzuri. Shahada hutolewa na vyuo vikuu kama MUHAS pale Muhimbili, UDOM, chuo cha KCMC Moshi, CUHAS pale Bugando na Kairuki.

Aliyepata matokeo ya wastani asione aibu kuanzia stashahada. Tena kwa familia nyingi naona ndiyo njia ya busara. Baada ya miaka mitatu unaweza kuwa na taaluma mkononi na kuanza kutafuta mshahara wako, na shahada utaifuata ukiwa mtu mzima unayejua kwa nini unaitaka. Tena muuguzi aliyesoma shahada baada ya kufanya kazi wodini huwa na maswali ambayo aliyetoka moja kwa moja kidato cha sita hana, na mhadhiri huliona hilo siku ya kwanza.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, au na TCU kama ni chuo kikuu, na kwamba mafunzo yake yanatambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Usiulize kwa wakala. Uliza ofisi zenyewe. Kisha uliza jambo ambalo wazazi wengi hawaulizi: wanafunzi wanafanyia wapi mazoezi? Majengo mazuri na vigae havifundishi uuguzi. Chuo chenye hospitali yenye wodi ya wazazi inayozalisha usiku na mchana ni bora kuliko chuo cha kisasa ambacho wanafunzi wake hugombania mgonjwa mmoja. Ikiwezekana, nenda ukazungumze na wanafunzi wa mwaka wa tatu langoni, uwaulize kila mmoja amezalisha mara ngapi kwa mikono yake na ametundika dripu ngapi. Watakuambia ukweli.

Kuna jambo la lugha ambalo huwaumiza wengi mwaka wa kwanza. Masomo ni kwa Kiingereza, faili zinaandikwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa anazungumza Kiswahili, na kule Simiyu au Ngorongoro bibi aliyelazwa huenda hata Kiswahili chenyewe ni cha kuunga. Kwa hiyo unahitaji lugha mbili zilizokaa sawa. Jizoeze mapema kumweleza mtu presha ni nini, kwa nini anameza vidonge ilhali haumwi popote, na kwa nini asiache siku akijisikia vizuri. Anayeweza kueleza hayo kwa maneno mepesi, mgonjwa akarudi kliniki mwezi unaofuata, amefanya kazi kubwa kuliko aliyekariri kurasa mia.

Vitu vya kununua ni vichache: saa yenye mshale wa sekunde, viatu vilivyofunikwa mbele visivyoteleza, kalamu za kutosha na kidaftari kinachoingia mfukoni. La maana kuliko vyote hivyo ni chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ianze kabla hujaingia wodini, kwa sababu damu ya watu utaanza kuigusa mapema.

Siku za kwanza kitandani pa mgonjwa

Mwanafunzi mgeni huhangaikia sindano. Mimi ningependa uhangaikie macho yako kwanza. Kabla hujamgusa mgonjwa, mtazame: anapumuaje, amelalia upande gani, midomo ina rangi gani, chakula cha asubuhi kimeliwa au kimefunikwa na sahani, ndugu aliyekaa pembeni ana uso gani. Msalimie. Mzee mpe shikamoo yake kabla ya kumshika mkono kutafuta mshipa, jitambulishe kwa jina, mwambie unataka kufanya nini. Malalamiko mengi ya wananchi kuhusu manesi hayahusu dawa. Yanahusu lugha. Mama aliyefokewa akiwa kwenye uchungu hatasahau, na ujauzito unaofuata anaweza kuamua kujifungulia nyumbani, hapo ndipo maneno ya dakika moja yanapogeuka kuwa hatari ya kweli.

Halafu kuna hesabu. Tuchukue mfano wa kawaida kabisa. Daktari ameandika lita moja ya dripu iishe kwa saa 8. Mfuko una mililita 1,000. Soma pakiti ya seti yako: imeandikwa inatoa matone 20 kwa mililita. Soma kweli, usikisie, kwa maana zipo zinazotoa 15 na zile za watoto zinazotoa 60. Zidisha 1,000 kwa 20, unapata 20,000. Gawa kwa dakika 480 zilizomo ndani ya saa 8. Jibu ni 41 na ushei, yaani matone 42 kwa dakika. Sasa simama mbele ya kile kichupa cha matone, saa mkononi, zungusha kigurudumu kidogo kidogo na uhesabu dakika nzima. Rudi baada ya nusu saa uhesabu tena, kwa sababu mgonjwa amekunja mkono au amegeuka, na matone hayako tena 42. Kwa mgonjwa wa moyo au mtoto mdogo, dripu iliyoachwa ikimbie inaweza kujaza maji kwenye mapafu kabla zamu haijaisha. Hakuna mashine itakayokukumbusha katika wodi zetu nyingi. Ni wewe na saa yako.

Kwenye dawa, zile haki tano ulizofundishwa darasani, yaani mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na wakati sahihi, zifanye kwa sauti ndogo kila mara, hata ukiwa umechoka, na zaidi ukiwa umechoka. Muulize mgonjwa jina lake aseme mwenyewe. Usimtajie ukamsubiri aitikie, kwa sababu mgonjwa mwenye homa huitikia jina lolote. Ukimaliza andika hapo hapo. Dawa iliyotolewa na haikuandikwa inaweza kutolewa tena na mwenzako anayeingia zamu, naye hatakuwa na kosa.

Ripoti ya kukabidhi zamu ipokee kitandani, si mezani kwenye chai. Mtembelee kila mgonjwa pamoja na anayetoka, tazama kidonda, angalia mfuko wa mkojo, soma chati. Mambo mengi yanayoharibika saa nane usiku yalikuwa yanaonekana saa moja jioni.

Ikikuchoma sindano iliyotumika, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, na umwambie mfawidhi muda huo huo. Dawa kinga dhidi ya VVU hufanya kazi vizuri kadiri inavyoanza mapema. Zikipita saa 72 haianzishwi tena, na humezwa siku 28. Nimeona vijana wanaficha kwa kuogopa kuonekana wazembe. Usifiche. Na sindano usiifunike tena kwa kifuniko chake. Itie moja kwa moja kwenye kisanduku cha usalama, nacho kifungwe kikifika robo tatu, kisishindiliwe.

Leseni, kisha kazi

Kumaliza chuo hakukufanyi muuguzi kisheria. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imeliachia Baraza jukumu la kusajili na kutoa leseni, na kuna mtihani wa Baraza wa kufaulu. Wa shahada hupitia pia mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Leseni ina muda wake. Kuihuisha kunadai pointi za mafunzo endelevu, kwa hiyo kila semina unayohudhuria tunza cheti chake. Usifanye kazi na leseni iliyokwisha hata wiki moja, hata kama mwajiri anasema hakuna neno. Likitokea tatizo, atakayeitwa ni wewe.

Kuhusu ajira sitakupambia maneno. Wahitimu ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa, ingawa zahanati zinalia kwa upungufu wa watumishi. Utaona tangazo la TAMISEMI au la Sekretarieti ya Ajira, utaomba, na huenda ukasubiri. Wakati huo usikae nyumbani mpaka mikono isahau. Hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi huajiri kwa mikataba, na baadhi ya hospitali za umma hupokea wa kujitolea. Ukijitolea, dai barua inayotaja tarehe, wodi na mtu anayekusimamia. Bila barua hiyo uzoefu wako hauna ushahidi. Na yeyote anayekuomba pesa ili jina lako litoke kwenye orodha ya ajira ni tapeli, hata kama anamjua mkurugenzi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vijana hunibishia. Ukipangiwa zahanati au kituo cha afya mbali na mji, nenda. Kwenye hospitali kubwa unaweza kukaa miaka miwili wodi moja ukifanya kazi ya aina moja, huku kila kigumu kikichukuliwa na bingwa. Zahanati, asubuhi unapima wajawazito, unachanja watoto, unafunga kidonda cha panga, na usiku unazalisha. Utaijua ratiba ya chanjo kama jina lako: BCG mtoto akizaliwa, penta wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Utajua friji ya chanjo inatakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8, na utajua la kufanya umeme ukikatika. Utajua lini uite gari la wagonjwa na lini usiite. Uamuzi huo wa mwisho haufundishwi darasani, na muuguzi aliyeupata huheshimiwa popote aendapo.

Upweke upo. Nyumba ya mtumishi huenda haina maji. Usiende bila kujua nani utampigia simu usiku ukikwama: tafuta namba ya mratibu wa huduma za mama na mtoto wa wilaya na ya daktari wa zamu wa hospitali ya wilaya wiki ya kwanza, kabla ya kupanga vyombo.

Kuijua njia yako

Ukishapita wodi za kutosha utaanza kujiona. Usijiulize tu unapenda nini, maana mchana kila kitu kinapendeka. Jiulize saa kumi alfajiri, ukiwa na usingizi, ni kazi gani unayoifanya bila kunung'unika. Jiulize ni mgonjwa wa namna gani unayeendelea kumfikiria ukiwa kwenye daladala.

Nitakaa kidogo kwenye ukunga, kwa sababu ndiko nafasi zilipo nyingi na ndiko mkono wa muuguzi unakoonekana zaidi. Mkunga hukaa na mama. Unaweka kiganja juu ya tumbo, unasubiri likaze, unaangalia saa: ndani ya dakika 10 uchungu umekuja mara ngapi, na kila mmoja umedumu sekunde ngapi? Kila nusu saa unasikiliza moyo wa mtoto, unatarajia mapigo kati ya 110 na 160 kwa dakika, unayatia kwenye chati, na mstari unaanza kukueleza kama safari inakwenda au imekwama. Mtoto akitoka, mama anapata oksitosini uniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja ili mfuko wa uzazi ujikaze, na macho yako yanahama kati ya viumbe wawili: damu ikifika mililita 500 ni nyingi, na mtoto asiyelia baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo anahitaji kusaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa kabla dakika yake ya kwanza haijaisha. Kama kukaa hivyo saa nyingi kimya, kisha kufanya mambo matatu kwa mpigo bila kutetemeka, kunakupa nguvu badala ya kukumaliza, wewe ni mkunga.

Afya ya akili ni njia nyingine, na naisikitikia kwa jinsi inavyokimbiwa. Huko chombo kikubwa ni subira na masikio. Muuguzi anayeweza kukaa na mtu anayesikia sauti zisizosikika kwa wengine, asimcheke wala asimwogope, ni hazina. Hospitali ya Mirembe iliyoko Dodoma ndiyo inayojulikana zaidi, lakini wagonjwa hawa wako kila wilaya, na wauguzi waliosomea fani hii ni wachache mno.

Anayependa utaratibu, vitu kuhesabiwa na kurudi mahali pake, aangalie chumba cha upasuaji au fani ya usingizi. Anayependa kufikiri haraka na mashine nyingi, chumba cha mahututi au dharura. Watoto njiti wanahitaji mtu mwenye mikono mepesi na mwenye kuwapenda mama zao, kwa sababu huduma ya kangaruu, ya kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, hufanywa na mama na wewe humshika mkono. Saratani iko Ocean Road, moyo uko JKCI, mifupa MOI, na huko kote muuguzi hujifunza fani ndani ya fani. Kufundisha nako ni njia, lakini fundisha ukiwa umefanya kazi kwanza.

Wanaume wanaosoma haya wajue kwamba uuguzi ni wao pia. Wagonjwa watakuita dokta kwa sababu tu una ndevu. Warekebishe kwa upole: mimi ni muuguzi wako. Heshima ya kazi hii hujengwa na wanaoitaja kwa jina lake.

Wanaotaka kwenda nje nawaambia hivi. Nchi za Ghuba kwa kawaida hudai uzoefu wa kazi, uhakiki wa vyeti na mtihani. Marekani hudai mtihani wa NCLEX. Uingereza hudai mtihani wa Kiingereza, OET au IELTS, na mitihani ya baraza lao. Uingereza imeiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo waajiri wake hawaruhusiwi kuja kuchota wauguzi, kwa kuwa WHO imetutambua kuwa na upungufu mkubwa. Kuomba mwenyewe hukatazwi. Lakini wakala anayekuambia ametumwa na hospitali ya huko kukusanya wauguzi Dar es Salaam, mkimbie, na usimkabidhi pasi wala vyeti halisi.

Ukishajua unataka kusomea nini, anza na karatasi. Kwa aliye kazini, ruhusa ya masomo hutegemea jina lako kuwemo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, na mpango huo hupangwa mapema kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. MUHAS ina shahada za uzamili za ukunga na afya ya wanawake, uuguzi wa afya ya akili, na uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Aga Khan ya Dar es Salaam imekuwa ikisomesha shahada wauguzi walioko kazini. Andika barua, ipitishe kwa mfawidhi wako wa wodi na kwa muuguzi mkuu wa kituo, utaje kituo kitafaidikaje ukirudi na nani atashika zamu zako ukiwa masomoni. Ikipokelewa, omba nakala igongwe muhuri na tarehe, uihifadhi. Jina likirukwa mwaka huu, nakala hiyo ndiyo utakayoweka mezani mwaka ujao.